Tunauza viwanja kusomesha watoto: familia zinainuka, mbona uchumi wa nchi hauinuki kwa kasi hiyo hiyo?

1. Mkazi wa Kinyerezi

Wanajukwaa, salaam.

Naomba tujadili jambo ambalo karibu kila ukoo hapa Dar es Salaam umewahi kulikalia kikao: fedha kidogo zilizopo ziende kwenye ada ya mtoto au kwenye mali isiyohamishika. Katika ukoo wetu baba mdogo anataka kiwanja cha Chanika kiuzwe ili binti yake amalizie chuo, na baba mkubwa anasema kiwanja hicho kikijengwa vyumba vinne vya kupangisha kitalisha watu wengi kuliko cheti kimoja. Wote wawili wana hoja, na sikuuleta uzi huu ili mtuamulie.

Ninalotaka kulielewa ni kubwa zaidi. Wachumi wanatuambia kwamba elimu, afya na ujuzi ni mtaji kama ulivyo mtaji wa mashine au wa shamba. Theodore Schultz alilieneza wazo hilo kwa hotuba iliyochapishwa 1961, akapata Tuzo ya Nobel 1979. Gary Becker aliliandikia kitabu 1964, naye akapata tuzo hiyo 1992. Nikitazama familia moja moja naona wamesema kweli, kwa sababu mtaani kwetu nyumba nyingi zilizovutiwa maji ndani na kuezekwa upya ni za wazazi waliosomesha. Nikitazama nchi nzima sioni jambo hilo kwa uwazi ule ule. Ada ya shule ya msingi ilifutwa Januari 2016, madarasa yakajaa, vyuo vikaongezeka, na bado umaskini umepungua polepole, kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Dai langu ni kwamba mtaji huu unalipa ndani ya ukoo lakini unapotea njiani kabla haujaufikia uchumi wa taifa. Naomba hoja.

2. Mama Lulu wa Tabata

Ahsante kwa mada. Mimi nazungumzia ninayoyajua. Mama yangu aliuza chai na vitumbua Buguruni, akamsomesha dada yetu mkubwa hadi ualimu. Dada alipoajiriwa ndiye aliyemlipia ada anayemfuata, naye huyo akamlipia wa tatu, hadi ikanifikia mimi. Mama alilipa ada ya mtoto mmoja kwa jasho lake, na waliobaki wakavutana wenyewe. Baba mkubwa wako anapopiga hesabu ya kodi ya vyumba vinne, aingize na hilo, maana chumba hakimlipii ada mdogo wake.

3. Mwalimu Mstaafu, Mbagala

Nianze na sahihisho kwa mleta mada. Ada ya shule ya msingi haikufutwa 2016. Ilifutwa 2001, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM. Kilichoanza Januari 2016 ni utekelezaji wa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ambao uliondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne pamoja na michango ya lazima. Kidato cha tano na cha sita vikafuata katika mwaka wa fedha 2022/23. Kabla ya hayo yote kulikuwa na Azimio la Musoma la 1974 na elimu ya msingi kwa wote (UPE) iliyoanza 1977. Kwa hiyo tumeshapitia mawimbi matatu, na katika kila wimbi watoto wametangulia kuingia darasani, walimu wakafuata baadaye. Miaka ya sabini pengo hilo lilizibwa na vijana waliomaliza darasa la saba na kufundishwa ualimu wakiwa kazini, wale waliokuja kuitwa walimu wa UPE. Wengi wao walikuwa na moyo mkubwa, lakini moyo haukutosha.

Wimbi la 2016 lilinikuta bado kazini. Darasa langu la kwanza lilijaa hadi watoto wakakaa sakafuni mpaka karibu na mlango, na kusahihisha madaftari yao yote siku moja lilikuwa jambo lisilowezekana. Baadaye mwaka huo nilimwita mtoto mmoja mezani kwangu anisomee. Alisoma vizuri sana, kidole kikifuata mstari. Nilipoyafunika maneno kwa kiganja changu, aliendelea kusoma ukurasa mzima bila kusita. Alikuwa ameukariri kwa kusikiliza wenzake. Katika rejista mtoto yule alikuwa anahudhuria kila siku, na katika takwimu za taifa alikuwa amepata mwaka mzima wa elimu.

4. Takwimu Kwanza

Shikamoo Mwalimu. Mtoto uliyemweleza anaonekana hata katika hesabu za Benki ya Dunia. Kielezo chao cha rasilimali watu kwa mwaka 2020 kiliipa Tanzania alama 0.39, maana yake mtoto anayezaliwa leo, hali ikibaki kama ilivyo, atakapokuwa mtu mzima atazalisha asilimia 39 tu ya kile ambacho angeweza kuzalisha kama angepata elimu kamili na afya kamili. Ndani ya kielezo hicho, mtoto wetu anatarajiwa kukaa shuleni miaka 7.2, lakini ukikadiria alichojifunza kweli, miaka hiyo inashuka hadi 4.5. Karibu miaka mitatu amekuwa akivaa sare na kwenda shule bila kupata kinacholingana nayo.

Nina pingamizi pia kwa mleta mada. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2016 alikuwa darasa la pili au la tatu wakati takwimu za umaskini za 2017/18 zinakusanywa. Huwezi kumhukumu kwa umaskini wa wazazi wake. Mtaji huu unachukua miaka 15 hadi 20 kukomaa, na anayeupima mapema atauona ni hasara tupu, kwa kuwa ada na madarasa yanalipwa leo na mshahara bado haujafika.

5. Mkazi wa Kinyerezi

Ahsanteni kwa masahihisho yote mawili. Lakini basi nihame 2016 niende kwenye wimbi la 1977. Watoto wale sasa wanakaribia uzee au wamekwisha kustaafu. Mtaji wao umekomaa zamani. Faida yake kwa taifa iko wapi?

6. Mchumi wa Sinza

Swali hilo la mwisho limewasumbua wengi. Mwaka 2001 Lant Pritchett alichapisha makala akilinganisha nchi nyingi, akakuta kwamba zile zilizopanua elimu kwa kasi hazikuwa lazima ndizo zilizokua kwa kasi katika pato la kila mfanyakazi. Alipendekeza sababu tatu, nazo hazifanyi kazi kwa nguvu sawa katika kila nchi: pengine elimu yenyewe ilikuwa duni; pengine wasomi waliongezeka huku kazi zinazohitaji usomi zikidumaa; na pengine wasomi walikwenda mahali panapowalipa wao lakini hapaongezi kitu kwa jamii, kama vile kukaa penye mihuri na vibali. Baada yake Eric Hanushek na Ludger Woessmann walionyesha kwamba ukiacha kuhesabu miaka ya shule na kupima kile watu wanachokijua, uhusiano na ukuaji wa uchumi unakuwa na nguvu zaidi.

Kwa upande wa familia ushahidi ni mzuri. Tafiti za nchi nyingi zinakadiria kwamba kila mwaka mmoja wa shule unaongeza kipato cha mtu kwa takriban asilimia 9 kwa wastani. Mfano ninaoupenda ni wa Indonesia. Serikali yao, ikiwa na fedha za mafuta, ilijenga zaidi ya shule za msingi 61,000 kati ya 1973 na 1979. Esther Duflo alifuatilia watoto wa maeneo yaliyopata shule nyingi na akakuta kwamba kila shule moja kwa watoto 1,000 iliongeza mishahara yao ya baadaye kwa asilimia 1.5 hadi 2.7. Faida si kubwa kwa kumtazama mtu mmoja, lakini wameipata mamilioni.

Korea Kusini nayo hutajwa sana katika mijadala hii. Ni kweli waliwasomesha watu wao kabla ya kutajirika, lakini walikuwa wamegawana ardhi upya, na viwanda vya kuuza nje vikawapokea wahitimu mlangoni. Sisi wimbi letu la 1977 lilihitimu katikati ya uhaba wa miaka ya themanini, wakati sabuni yenyewe ilipangiwa foleni.

7. Mzee wa Tandika

Mchumi wetu ametusafirisha hadi Indonesia na Korea, na nauli ya kurudi Tandika hatujaiona! Narudi kwa miguu na swali dogo. Hao waliosoma 1977 na wakakosa kiwanda, je, hawakufanya kitu? Mimi ni mmoja wao. Niliishia darasa la saba, nikafanya biashara ya nguo sokoni, na niliweza kusoma risiti, kuandika madeni na kupiga hesabu ya faida bila kumtegemea mtu. Wanangu waliishi kwa hesabu ile. Biashara zetu haziandikwi vizuri popote, halafu mnatuambia elimu yetu haikuonekana. Sababu ya nne iongezwe: faida ipo, ila rula ya kupimia ni fupi.

8. Fundi wa Keko

Naunga mkono hoja ya Mzee na kuisogeza mbele. Katika uzi mzima huu, "kuwekeza kwa watu" limekuwa na maana ya shule peke yake. Hapa Keko kijana anafundishwa useremala akiwa kazini, na hakuna mahali gharama hiyo inaandikwa.

Nitoe mfano wa kijana niliyempokea baada ya kidato cha nne, akiwa na divisheni ziro. Nilimpa futi kamba nikamwambia apime mguu wa meza, sentimita 74 na nusu, kisha agawanye nafasi ya droo tatu zilizolingana akitoa unene wa mbao. Hakuweza. Alijua kanuni ya kutafuta eneo la duara, lakini hakujua kwamba mbao ikipigwa randa inapungua unene na hesabu inabadilika. Aliharibu mbao za mninga kabla hajaelewa, na mbao hizo nilizinunua mimi. Baada ya muda alianza kuchonga viungo vinavyoingiana bila msumari, kwa patasi tu, na kiti chake ukikikalia hakilii. Leo ana karakana yake na vijana wake.

Mbao zile zilizoharibika ndizo ada. Mwajiri mkubwa anakatwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara, na sehemu yake inaiendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Karakana kama yangu hazimo katika mzunguko huo, ingawa zinafundisha vijana wengi sana katika jiji hili.

9. Binti wa Ukonga

Shikamooni wakubwa. Mimi nina shahada ya uhasibu, na ninauza vifaa vya simu Kariakoo katika duka la mtu. Nimehudhuria usaili ambao waombaji walijaza ukumbi kwa nafasi zinazohesabika kwa vidole. Wazazi wangu waliuza eneo walilolinunua kwa miaka mingi ya kujinyima, na nikiajiriwa rasmi nitakatwa asilimia 15 ya mshahara kurejesha mkopo wa elimu ya juu, jambo ambalo ni haki, ila linahitaji mshahara uwepo kwanza. Kwa hiyo kati ya sababu tatu za Mchumi, mimi naishi ndani ya ile ya pili.

Hata hivyo sikubali kwamba elimu yangu imepotea. Kikoba cha mama yangu kilikuwa kinatoza riba kwa mkopo wote hadi rejesho la mwisho, hata kama mkopaji ameshalipa sehemu kubwa. Nilichukua daftari lao, nikapiga mistari, nikaonyesha kila mwezi deni linabaki kiasi gani na riba ya haki ni ipi. Wanawake wale walinyamaza kwanza, kisha mmoja akaomba nimfanyie hesabu ya mkopo wake wa mwaka uliopita. Sasa wanatoza kwa deni linalobaki. Hakuna takwimu ya taifa itakayoonyesha jambo hilo, na mimi silipwi, lakini nalijua lilikotoka.

10. Mchumi wa Sinza

Binti, hongera, na nasema kwa dhati. Niseme tu jambo la kitaaluma: riba ya kikoba hugawanywa kwa wanachama wenyewe kinapovunjwa mwisho wa mwaka, kwa hiyo ulichofanya kimehamisha fedha kutoka kwa waweka akiba kwenda kwa wakopaji. Uchumi kwa jumla haukuongezeka.

11. Fundi wa Keko

Mchumi, hapo sikubaliani nawe. Mkopaji ndiye mwenye kazi ya kufanya. Mama anayekopa ili anunue unga na mafuta ya kukaangia, rejesho likiwa dogo, anaongeza mtaji wiki hiyo hiyo. Waweka akiba wengi wanasubiri mgao wa Desemba wa kwenda nao kijijini. Fedha zilezile zikiwa mkononi mwa mtu mwingine zinafanya kazi nyingine.

12. Muuguzi wa Temeke

Nimesoma hoja zote kwa makini na nimeona tumeanzia darasani, wakati mtaji huu unaanzia tumboni mwa mama. Ninapima watoto kliniki kila juma. Mtoto anavalishwa kaptula ya kitambaa na kuning'inizwa kwenye mizani, analia, ninasoma kilo na kuweka nukta kwenye kadi yake, kisha ninaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukienda ulalo kwa miezi kadhaa nazungumza na mama kuhusu chakula, na ninapompima urefu mara nyingi nakuta umri umetangulia mbele ya kimo. Huo ni udumavu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, zikipotea, mwalimu wa darasa la kwanza anapokea mtoto ambaye ubongo wake umekwisha kunyimwa.

Msidhani ni suala la njaa peke yake. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu 2022 ni Iringa kwa asilimia 57, Njombe na Rukwa kwa asilimia 50 kila mmoja, na hiyo ndiyo mikoa inayotulisha mahindi hapa mjini. Mama anakuwa shambani tangu alfajiri, mtoto anashinda na uji mweupe wa mahindi matupu, na mayai yanauzwa.

Upo ushahidi wa hapa hapa nchini, Mchumi hakuutaja. Kati ya 1986 na 1995 akina mama wa wilaya zilizokuwa na goita kwa wingi walipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Watafiti Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walipofuatilia watoto waliokuwa tumboni wakati ule, walikuta wamesoma zaidi kwa takriban theluthi moja hadi nusu mwaka kuliko wenzao, na wasichana walinufaika zaidi. Hapakuwa na darasa jipya wala mwalimu mpya. Ni kidonge kimoja alichomeza mama.

13. Takwimu Kwanza

Ahsante Muuguzi, na mimi niongeze ushahidi wa Kagera, kwa sababu unagusa familia moja kwa moja. Kuanzia 1991 watafiti walizihoji kaya za mkoa ule, kisha wakawafuata watu hao hao miaka mingi baadaye popote walipohamia. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walikuta kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya miaka 15 alikua mfupi kwa takriban sentimita 2 na akapoteza karibu mwaka mmoja wa shule, na pengo hilo halikuzibika ukubwani. Wakati ule Ukimwi ulikuwa unavuna wazazi. Kwa maana hiyo dawa ya kufubaza virusi inayompa mama uhai nayo ni uwekezaji katika elimu ya mtoto, ingawa katika bajeti imeandikwa chini ya afya.

Watafiti hao hao walikuta jambo la pili ambalo linampinga kila mmoja wetu kidogo. Waliohama kutoka maeneo yao ya asili, ukuaji wa matumizi yao uliwazidi ndugu zao waliobaki kwa takriban pointi 36 za asilimia, watu waliolelewa nyumba moja. Huenda basi tatizo si kiasi cha mtaji, ni mahali ulipowekwa.

14. Mama Lulu wa Tabata

Naomba tusimpite mama harakaharaka. Muuguzi amemtaja kama mbeba mimba, na mimi nataka atajwe kama aliyesoma. Becker huyo wa mleta mada ndiye aliyeeleza kwamba wazazi hupima kati ya wingi wa watoto na kiasi cha kumpa kila mmoja. Kwa wastani mwanamke wa Tanzania alitarajiwa kuzaa watoto 5.2 kwa takwimu za 2015/16, na 4.8 kwa takwimu za 2022, na walioendelea na sekondari wanazaa wachache kuliko ambao hawakusoma. Msichana akikaa shuleni, anaolewa baadaye, anazaa wachache, na kila mtoto anapata daftari, chakula na muda wa kuulizwa amejifunza nini leo. Ndiyo maana tangazo la Novemba 2021 la kuwaruhusu waliokatizwa masomo kwa ujauzito warudi katika shule rasmi nililipokea kwa machozi. Katika ukoo wetu yupo aliyerudi, akamaliza kidato cha nne akiwa na mtoto mgongoni kwa bibi, na sasa anasomea uuguzi.

15. Mzee wa Tandika

Mama Lulu, nakupongeza kwa huyo binti, lakini hesabu yako umeigeuza. Hapa Dar tunazaa wachache kuliko wastani wa taifa kwa sababu ya kodi ya nyumba, nauli na bei ya maziwa. Mpangaji wa chumba kimoja Tandika hahitaji cheti cha sekondari ili ajue kwamba mtoto wa tano hana pa kulala. Mji unapunguza uzazi, na mji huo huo ndio unaoweka shule karibu. Elimu na uzazi vinaweza kuwa watoto wa baba mmoja.

16. Mama Lulu wa Tabata

Mzee, ninawajua majirani wanaolipa kodi ile ile kwenye nyumba ile ile, mmoja ana wawili na mwingine ana sita. Kodi haielezi tofauti yao.

17. Mwalimu Mstaafu, Mbagala

Turudi kwenye ubora, maana naona kila mmoja anautaja na hakuna anayesema unapatikanaje. Liko jaribio lililofanyika hapa Tanzania katika shule za msingi 350 za wilaya 10, likiendeshwa na shirika la Twaweza, na matokeo yake yakachapishwa 2019. Shule za kundi moja zilipewa ruzuku ya fedha, kundi la pili walimu waliahidiwa motisha kwa kila mwanafunzi atakayefaulu kusoma na kuhesabu, kundi la tatu vikawekwa vyote viwili, na kundi la nne halikupewa kitu. Ruzuku peke yake haikuongeza ufaulu. Motisha peke yake ilileta mabadiliko yasiyo thabiti. Vilipounganishwa, ufaulu ulipanda waziwazi, zaidi ya jumla ya vile viwili vikitenganishwa.

Mimi hili halikunishangaza. Fedha ya ruzuku inanunua chaki na vitabu, ila mwalimu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kupanda daladala mbili, akakuta watoto zaidi ya mia, anahitaji sababu ya kumwita yule mtoto mezani na kuyafunika maneno kwa kiganja. Zaidi ya hayo, tunawafundisha kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza kwa siku moja, na mtoto aliyekuwa anauliza maswali anaanza kunakili ubaoni.

18. Mchumi wa Sinza

Jaribio hilo ni zuri, Mwalimu, lakini lilipima mitihani ya kusoma na kuhesabu, halikupima kipato cha ukubwani. Hatuwezi kuruka kutoka alama za darasa la tatu hadi pato la taifa. Na kama Binti wa Ukonga, aliyefaulu mitihani yote, anauza vifaa vya simu, ubora wa shule hautoshi kueleza. Mimi bado nasimama kwenye ajira: bila viwanda, kilimo chenye tija na umeme wa kuaminika, tutakuwa tunaelimisha wasindikizaji.

19. Muuguzi wa Temeke

Na mimi nabaki kwenye siku elfu moja. Kiwanda hicho kikijengwa kesho, kitaajiri watu waliokwisha kuzaliwa na kudumaa au kutodumaa. Hilo haliwezi kurudishwa nyuma.

20. Fundi wa Keko

Mwalimu, nina swali la vitendo. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta elimu ya lazima ya miaka kumi na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, sekondari, na mitaala mipya imeanza kutumika Januari 2024. Nani atawafundisha watoto kushika patasi? Walimu wengi wamejifunza ufundi ubaoni. Mimi niko tayari kufundisha, lakini cheti changu ni karakana.

21. Mwalimu Mstaafu, Mbagala

Fundi, huo ndio ugumu wenyewe, na wakuu wa shule ninaowafahamu wanalia na vifaa kabla hata hawajafika kwenye walimu. Kwako wewe kuna njia: VETA wana utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtahiniwa anapimwa kwa kazi anayoifanya kwa mikono yake, akionekana ana mapungufu anafundishwa kwenye hayo mapungufu tu, kisha anapewa cheti kinachotambulika. Anzia chuo chao cha Chang'ombe, na uende na kazi zako au picha zake. Cheti hicho hakitakufanya mwalimu wa serikali moja kwa moja, lakini mkuu wa shule atakuwa na karatasi ya kuambatanisha kwenye barua ya kukuombea kibali.

22. Fundi wa Keko

Ahsante sana Mwalimu. Nitakwenda na kijana wangu pia, yule wa divisheni ziro.

23. Mama Lulu wa Tabata

Mwalimu, kabla hujaondoka: utaratibu huo unahusu mapishi na ushonaji pia? Ninao wanawake kadhaa hapa Tabata wanaopika kwenye maharusi ya watu mia tano na hakuna hoteli inayokubali kuwaita hata kwenye usaili.

24. Mwalimu Mstaafu, Mbagala

Najua wamewahi kuwapima wapishi na wahudumu wa hoteli, pamoja na maseremala na waashi. Kwa ushonaji, waulize pale pale Chang'ombe, na ukipata majibu yaandike hapa ili na wengine wayasome.